Miezi kumi na minane na kampuni ya ulinzi: tulicholipia na tulichopata

Ninauza vifaa vya ujenzi: nyaya, mabomba, misumari, kufuli, komeo, taa. Duka langu ni la tatu kutoka kona kwenye safu ya maduka kumi na manne, na nyuma yetu kuna kichochoro kinachopitika kwa miguu tu. Kwa miaka minne sasa mimi ndiye mhazini wa umoja wetu. Mkataba wa ulinzi ninaoueleza hapa niliusaini mimi, michango ya kila mwezi nimeikusanya mlango kwa mlango, na daftari la matukio nimeliandika usiku baada ya usiku. Jina la kampuni sitalitaja. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeshika fomu kama ile mkononi na bado hajasaini.

Tulinunua vitu vitatu kwa pamoja. Cha kwanza ni ving'ora kwenye milango yote kumi na minne, vilivyounganishwa na chumba chao cha simu. Cha pili ni gari la doria, linalopita kila usiku na linalopaswa kuja king'ora kikilia. Cha tatu ni mlinzi mmoja wa usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kijana wa mauzo alikuwa na adabu na alituheshimu, na katika mazungumzo yake yote alirudia neno moja: haraka. King'ora kikilia, wanakuja haraka. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza haraka ni dakika ngapi, na kwenye mkataba dakika hazikuandikwa. Hilo ni kosa langu, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Mwezi wa tano, usiku wa kuamkia Jumanne, waliingia dukani kwangu kwa mlango wa nyuma. Kumbukumbu za kampuni zinaonyesha king'ora kililia saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Gari lilifika saa tisa na dakika hamsini na tatu. Kamera ya jirani yangu, muuza rangi, iliwanasa wakitoka: watu wawili, kofia zimeshushwa usoni, kila mmoja na roli ya nyaya za shaba begani. Wakarudi, wakachukua nyingine mbili. Kazi yote iliwachukua dakika tisa. Jambo lililonikaa rohoni ni kwamba hawakukimbia. Walifanya kazi yao huku king'ora kinalia.

Nilijiuliza kwa wiki nzima: watu hawa walijua nini ambacho mimi sikukijua? Nikaanza kusoma kila nilichopata cha wachumi waliochunguza uhalifu na polisi mijini, kwa sababu nilikuwa na mkutano wa umoja mbele yangu na sikutaka kwenda mikono mitupu.

Kisa cha kwanza kilichonifungua macho ni cha Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Siku moja alikuwa amechelewa kwenda kumtahini mwanafunzi. Ilimbidi achague: aegeshe gari kwa kulipia mbali kidogo, au aliache barabarani mahali pasiporuhusiwa. Akapima uwezekano wa kukamatwa, akapima ukubwa wa faini, akaliacha barabarani. Njiani akawaza kwamba hata wenye mamlaka nao wanapiga hesabu kama hiyo: wakague magari mara ngapi, na watoze faini kiasi gani. Mwaka 1968 akachapisha makala iliyoigeuza hesabu hiyo kuwa nadharia. Mwizi anapima faida, anapima uwezekano wa kukamatwa, anapima adhabu, anapima na kile anachokiacha, yaani kazi halali ambayo angeifanya saa hizo. Wachunguzi waliofuata waligundua kwamba mizani hiyo hailali sawa. Kuongeza uhakika wa kukamatwa kunamzuia mtu kuliko kuongeza ukali wa kifungo, kwa sababu anayefungua mlango saa tisa usiku hawazi mwaka wa saba wa kifungo. Anawaza dakika kumi zijazo.

Nikarudi kulitazama bango ambalo kampuni ilitubandikia kila mlango: mwizi atashtakiwa kwa mujibu wa sheria. Linazungumzia adhabu. Kuhusu dakika kumi zijazo halisemi kitu, na wale wawili walikuwa wameshajua kwamba katika dakika hizo hakuna mtu anayekuja.

Walijuaje? Daftari langu lina jibu. Kwa miezi kumi na minane ving'ora vyetu vimelia mara sitini na tatu. Mara moja kwa sababu ya wezi. Zilizobaki ni paka, upepo uliotikisa mlango wa mabati, mwenye duka aliyesahau namba yake ya siri, betri iliyoisha. Kufikia mwezi wa tatu hakuna jirani aliyeinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia. Chumba cha simu nacho kilijifunza: kwanza wanampigia mwenye duka, asipopokea wanapiga tena, ndipo wanamwita dereva, na dereva naye hana haraka kwa sababu safari kumi zilizopita alikuta paka. Hali hii haikuanza kwetu. Miji ya Marekani imeona kwa miaka mingi kwamba zaidi ya 90% ya miito ya ving'ora vya wizi inayofika polisi ni ya uongo. Jiji la Salt Lake City liliamua mwaka 2000 kwamba polisi hawatatumwa kwa king'ora kitupu mpaka mtu athibitishe kwa macho kuwa kuna jambo, na miito ile ikashuka kwa takriban 90%. Kiuchumi jambo hili linaeleweka kirahisi: anayenunua king'ora analipia betri na waya, lakini gharama ya kila mlio wa uongo inabebwa na wengine, yaani majirani wanaokosa usingizi, dereva anayepoteza mafuta, na mtu wa upande wa pili wa mji anayemhitaji askari kweli saa hiyohiyo. Kwa king'ora, kampuni hii naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa fundi wao aliyekuja kila tulipomwita.

Gari la doria ni habari nyingine. Lilikuwa linapita, hilo silipingi. Lilipita saa tano na dakika arobaini usiku, kila usiku, likipunguza mwendo mbele ya maduka bila kusimama, na kichochoroni halikuingia hata siku moja kwa sababu halipiti. Mimi nilihitaji wiki mbili kulizoea saa lake. Anayeishi kwa kulivizia alihitaji hata hizo wiki mbili?

Kuna jaribio maarufu lililofanyika Kansas City, Marekani, kati ya 1972 na 1973. Polisi waligawanya maeneo kumi na tano ya doria katika makundi matatu. Kundi moja liliondolewa doria ya kawaida kabisa, magari yakawa yanaingia kwa kuitwa tu. La pili likaachwa kama lilivyokuwa. La tatu likaongezewa magari mara mbili hadi tatu. Mwaka ulipokwisha, uhalifu haukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo, na wakazi hawakuwa wametambua kwamba kuna kilichobadilika. Mtu angeweza kusema basi doria ni kazi bure. Lakini baadaye, katika jiji la Minneapolis, hukohuko Marekani, watafiti walihesabu miito ya polisi na kuona kwamba takriban 3% ya anwani za jiji zilikuwa zinatoa nusu ya miito yote. Kati ya 1988 na 1989 wakachagua sehemu 110 za namna hiyo, nusu wakaziongezea askari, nusu wakaziacha. Kwenye sehemu zilizoongezewa, fujo na uhalifu vilipungua. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba askari akisimama mahali hapo kwa dakika kumi hadi kumi na tano, utulivu unabaki hata baada ya yeye kuondoka, na akizidisha hapo faida inaanza kupungua. Kwa hiyo uzito uko kwenye kusimama mahali penyewe, na kwa muda usiotabirika.

Nilimpelekea meneja wa tawi maneno haya kwa maandishi. Nikaomba gari lisimame kwenye mdomo wa kichochoro dakika kumi na tano, mara mbili kwa usiku, kwa saa zinazobadilika. Alinijibu kwa upole kwamba dereva ana malindo thelathini na nane kwa usiku, na anapimwa kwa kusaini kitabu kwenye kila lindo. Nilimshukuru kwa ukweli wake, kwa sababu pale ndipo nilipoelewa. Dereva alikuwa anaifanya vizuri kazi anayopimwa nayo. Saini ilikuwa inapatikana kila usiku bila kukosa, na tulikuwa tunailipia.

Sasa mlinzi. Hapa nitakaa kidogo.

Miezi miwili ya mwanzo nilimkuta amelala mara nne. Nilipiga simu ofisini kwa hasira, wakambadilisha. Aliyemfuata naye nikamkuta amelala. Mara ya tatu nilikwenda nikakaa naye kwenye ngazi, nikamuuliza kwa utaratibu ana nini. Akasema, "Mama, nikitoka hapa asubuhi naingia kibarua kingine saa mbili mpaka saa tisa alasiri. Nalala kwa muda wa saa mbili tu, nakuja hapa." Akanionyesha hati yake ya mshahara bila mimi kuiomba. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu kwenye bili yetu: katika kile tulichokuwa tunalipia lindo lake, chini ya nusu ilikuwa inamfikia mkononi. Iliyobaki ni sare, msimamizi, ofisi, kodi, faida. Sina ugomvi na faida, mimi mwenyewe nauza kwa faida. Lakini kwa mlinzi ninanunua macho yaliyo wazi saa tisa usiku, na macho hayo yana gharama yake. Usipoilipa unapata sare iliyowekwa kwenye kiti.

Na hapa kuna ugonjwa wa biashara nzima ya ulinzi, kokote inakofanyika. Wizi hautokei kila mwezi. Mwezi usio na wizi, mlinzi aliyekesha na aliyelala wanaandikwa sawasawa kwenye ripoti: usiku ulikuwa shwari. Mteja hawezi kuonja ubora kabla ya kununua, na hata baada ya kununua anaweza kukaa mwaka mzima bila kuujua. Kwa hiyo anachagua kwa kile anachokiona, yaani bei. Kampuni zinashindana kwa bei, na mahali pekee pa kupunguza ni mshahara wa yule anayekaa gizani. Kampuni inayolipa vizuri inakosa zabuni. Mimi nilikuwa sehemu ya mchezo huo. Tulipopokea barua tatu za bei, nilipendekeza ya chini.

Kwamba mtu aliyesimama macho mahali pamoja ana thamani, ushahidi wake upo, na ulipatikana kwa njia ya msiba. Tarehe 18 Julai 1994 kituo cha jumuiya ya Wayahudi kililipuliwa Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, na watu wengi wakafa. Serikali ikaweka polisi saa ishirini na nne mbele ya kila taasisi ya Wayahudi nchini. Askari wale hawakupangwa kwa kuangalia wizi uko wapi, kwa hiyo wachumi wawili waliweza kulinganisha mitaa yenye askari na isiyo nao bila kuchanganya sababu na matokeo. Kwenye kipande cha mtaa alichosimama askari, wizi wa magari ulishuka kwa takriban 75%. Vipande viwili mbele, hakukuwa na badiliko. London nayo ilipoongeza askari katikati ya jiji kwa wiki sita baada ya mabomu ya Julai 2005, uhalifu ulishuka pale walipoongezwa, na ukarudi walipoondolewa. Ninawaheshimu wachumi hawa kwa kazi yao, ila kila ninaposoma namba za Buenos Aires nawakumbuka kwanza waliokufa.

Kitu kimoja cha Buenos Aires kilinisumbua: vipande viwili mbele, hakuna badiliko. Maana yake mlinzi wetu aliyesimama upande wa barabara hamlindi mtu yeyote kichochoroni. Duka langu liliingiwa kwa nyuma huku yeye akiwa mbele. Na swali la pili ni zito zaidi: nikijifunga mimi vizuri, mwizi anaacha kuiba, au anakwenda kwa mwingine?

Wiki ya pili baada ya mimi kuweka nondo mpya na kufuli mbili za nyuma, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliibiwa vyerehani viwili. Siwezi kuthibitisha kwamba ni watu walewale. Lakini alinunua kufuli yake kwangu siku iliyofuata, na sikuweza kumtazama usoni. Yapo mambo yanayojulikana kuhusu hili. Ujerumani Magharibi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ililazimisha magari yote, mapya na ya zamani, yafungwe kufuli za usukani, na wizi wa magari ukaanguka. Uingereza ililazimisha magari mapya tu, mwaka 1971, na wezi wakahamia magari ya zamani. Kinga inayoonekana kwa baadhi tu inamwelekeza mwizi kwa asiye nayo.

Kinga isiyoonekana inafanya kinyume chake. Lojack ni kifaa cha redio kinachofichwa ndani ya gari ili polisi waweze kulifuata likiibwa, na kwa nje gari halina alama yoyote. Ian Ayres na Steven Levitt walichunguza miji ya Marekani ilikoingia kifaa hiki, wakaona wizi wa magari unapungua kwa wote, kwa sababu mwizi hajui lipi linalo. Aliyelipia alikuwa anapata chini ya 10% ya faida nzima, iliyobaki ikawaendea wasiowahi kulipa chochote. Ndiyo maana watu hununua kidogo kuliko inavyohitajika. Nilipousoma utafiti huo niliwakumbuka wenzetu wawili katika safu yetu ambao tangu mwanzo hawajatoa mchango. Mlinzi anawalinda pia. Nilikuwa nawaona wabaya, na bado naona wangepaswa kutoa. Lakini nimeacha kushangaa. Kila kinga ya pamoja ina watu wa namna hiyo, na njia ya kuwapata ni kuiingiza kwenye kodi ya pango ili isiwe jambo la hiari. Los Angeles walifanya kitu cha jinsi hiyo: wenye majengo wa eneo wakishakubaliana kwa wingi, kila mmoja analipa, na fedha inatumika kwa walinzi, usafi na matengenezo ya mtaa huo. Philip Cook na John MacDonald walipopima, waliona uhalifu umepungua, watu wanaokamatwa nao wamepungua, na mitaa jirani haikuongezewa mzigo. Kupungua kwa wanaokamatwa kulinigusa kuliko kingine. Wizi ambao haukutokea haumpeleki kijana wa mtu gerezani.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1798 Patrick Colquhoun na John Harriott walianzisha polisi wa mto Thames, London, ambako meli zilikuwa zinaibiwa mizigo kiasi alichokadiria Colquhoun kuwa pauni nusu milioni kwa mwaka. Wafanyabiashara wa mizigo ya West Indies, yaani visiwa vya Karibi, ndio waliochangia sehemu kubwa ya gharama. Ofisi ile ilisimamia pia ajira na ujira wa wapakuzi, pamoja na kuwalinda. Ilipoonekana inafanya kazi, serikali ikaichukua mwaka 1800 na kuifanya ya umma. Nilikisoma kisa hiki kwenye mkutano wetu, na mzee anayeuza viatu akauliza kwa nini wapakuzi walipangiwa ujira. Nikamwambia kwa sababu asiyelipwa hujilipa mwenyewe kwenye gunia. Akanyamaza, kisha akaunga mkono hoja ya kumwongezea mlinzi.

Taa nazitaja kwa tahadhari, kwa kuwa nauza taa. Umoja uliweka taa sita kichochoroni kwa bei niliyonunulia, risiti zipo kwenye faili. Kampuni haikuwa imependekeza taa hata mara moja, maana taa haina ada ya mwezi. New York, mwaka 2016, iligawa minara ya taa kwa bahati nasibu kati ya makazi ya umma, na makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yakapungua kwa 36% palipowekwa. Kwetu sina namba kama hizo. Ninachokijua ni kwamba mlinzi sasa anazunguka nyuma bila kuogopa, na kamera ya muuza rangi inaonyesha sura badala ya vivuli.

Kuna pia upande wa mnunuzi. Shaba iliyoibwa kwangu haikuliwa, iliuzwa. Uingereza, ambako nyaya za reli zilikuwa zinaibwa kila bei ya shaba ilipopanda duniani, ilipiga marufuku mwaka 2012 kulipia vyuma chakavu kwa pesa taslimu, na wizi wa vyuma ukapungua. Mimi sina uwezo wa kutunga sheria. Nimepiga mhuri wa rangi kila mita tano za nyaya zangu, na nimewatembelea wanunuzi wote wa vyuma chakavu walio karibu nikawaonyesha mhuri huo. Kampuni ya ulinzi ingeweza kunishauri hivi siku ya kwanza. Wanaona mamia ya wizi kwa mwaka, mimi nimeona mmoja.

Na kuna vijana wa kichochoroni. Kampuni ilitaka wafukuzwe, na ripoti zao ziliwaita watu wasiojulikana, wakati sisi tunawajua kwa majina na mama zao tunawajua. Chicago, majira ya joto ya 2012, vijana 1,634 wa shule za mitaa yenye vurugu waliingizwa kwenye bahati nasibu, baadhi yao wakapewa kazi ya muda kwa wiki nane. Katika miezi kumi na sita iliyofuata, waliopata kazi walikamatwa kwa makosa ya ukatili pungufu kwa 43% kuliko wenzao, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilijitokeza baada ya kazi kwisha. Tumewachukua wawili kupakua mizigo ya safu nzima, asubuhi tatu kwa wiki. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha kwamba bawaba za mlango wangu wa nyuma zilikuwa upande wa nje.

Kwa ujumla wa huduma, nyota mbili na nusu. Mtu akitaka kujua inakotoka hiyo nusu, ni meneja wa tawi. Alikubali kuja kwenye mkutano, akakaa saa mbili akisikiliza, na aliporudi ofisini alituandalia mkataba mwingine badala ya kututafutia maneno. Tumeondoa ving'ora kwenye maduka tisa ambayo hayana mali ya kubebeka haraka, na hivyo vilikuwa vinakula theluthi ya bili. Fedha hiyo imeleta mlinzi wa pili, zamu za saa nane zinazopishana ili saa nane usiku mpaka kumi wawe wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kima cha mshahara wao kimeandikwa kwenye mkataba, nasi tunaruhusiwa kuona hati ya malipo. Gari litasimama kwenye mdomo wa kichochoro dakika kumi na tano, kwa saa ambazo msimamizi anazibadilisha kila wiki bila kututangazia. Fundi cherehani wa ng'ambo ameingia kwenye umoja, pamoja na majirani zake watatu, kwa hiyo mzunguko wa mlinzi unavuka barabara. Wale wawili wasiochangia bado hawachangii, na barua kwa mwenye jengo imekwishapelekwa.

Mkataba mpya unaanza tarehe mosi. Dakika za gari kufika zimeandikwa, kumi na tano, na mwezi wowote gari likizidisha dakika hizo, hatutalilipia.